Nani Alisema "Pokea"?

Simu ililia.

Ililia ndani ya mfuko wa aproni nyeupe ya Mwelu Musili, katikati ya ofisi ya meneja, sekunde tatu tu baada ya meneja kutamka maneno ambayo Mwelu alikuwa ameyasubiri kwa siku tisa.

Nyinyi mlionisumbua wiki nzima mkitaka kujua aliyepiga ni nani, tulizeni roho. Hakuwa polisi. Hakuwa mpenzi wa siri. Alikuwa mama yake, kutoka Mitaboni.

Na wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa kinyozi, usiachwe nyuma. Mwelu ndiye mpima maziwa wa kiwanda cha Muuo, hapa Machakos mjini. Muuo kwa Kikamba ni amani, na neno hilo limepakwa rangi ya samawati kwenye lango, labda kwa sababu ndani hapakupatikana nafasi ya kuiweka. Alfajiri moja lori lilileta maziwa. Mwelu akachovya kikaratasi chake cha kupimia, na kikaratasi kikasema maziwa yana dawa ya ng'ombe. Akakataa kuyapokea. Meneja, Bwana Onesmus Kitonga, akashuka ngazi mbio akamwambia kwa mdomo: "Pokea." Yakapokelewa.

Sasa, maziwa yenye dawa hayagandi. Tangi zima la mala, yaani maziwa mgando, likabaki majimaji kama maji ya kuoshea sufuria. Wakubwa walipouliza kulikoni, Bwana Kitonga akajibu kwa masikitiko makubwa kwamba mpima maziwa alilala kazini.

Meneja huyu alikuwa na sifa moja iliyojulikana kiwanda kizima: hakuandika kitu. Hakutuma barua, hakutuma ujumbe, hakutia sahihi. "Mimi naongea," alipenda kusema. Na alichoongea Jumatatu, kufikia Jumatano alikuwa hajakiongea.

Ndiyo sababu Mwelu aliingia ofisini mwake simu ikirekodi mfukoni. Na meneja alipoegemea kiti na kusema kwa raha zake, "Ndio, mimi ndio nilikuambia upokee. Na sasa? Nani atakuamini?" Mwelu alikuwa karibu kupiga vigelegele.

Hapo ndipo mama akapiga.

"Si uchukue simu," alisema Bwana Kitonga.

"Nitapiga baadaye, bosi."

"Pokea."

Neno lile lile. Mwelu alitoa simu.

"Weka kwa spika. Hapa hatuna siri."

"Mwelu?" Sauti ya mama ilijaa ofisini. "Umekula?"

"Mwaitu, niko kazi."

"Najua uko kazi. Nauliza kama umekula. Na huyo meneja wenu wa kichwa ya boga, ameacha kukusumbua?"

Bwana Kitonga alijigusa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha.

Mwelu alikata simu. Lakini kioo hakikuzima. Kilirudi palipokuwa kabla ya mama kupiga: alama ya maikrofoni, mstari mwekundu, na maandishi meupe. Dakika kumi na moja, sekunde arobaini.

"Hiyo ni nini?"

"Ni saa, bosi."

"Saa gani iko na maikrofoni?"

Kusema kweli, hakuna mtu ana jibu la swali hilo.

Alitegemea atapigiwa kelele. Bwana Kitonga hakupiga kelele. Alitabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Mwelu kuliko kelele zote za miaka minne.

"Futa. Mbele yangu."

Akafuta.

"Sasa toka nje ungojee barua."

Na hivyo ndivyo mtu ambaye hakuwahi kuandika neno alivyoketi siku hiyo akaandika kurasa mbili, akatia sahihi kila ukurasa, akapiga muhuri mara tatu. Mwelu alisoma barua amesimama kando ya matangi. Ilisema amemrekodi mkubwa wake kwa siri. Ilisema amevunja imani, heshima na amani ya kiwanda. Ilisema afike mbele ya kikao cha nidhamu Alhamisi, saa nne asubuhi, aeleze kwa nini asifutwe kazi.

Kuhusu maziwa, hapakuwa hata na sentensi moja.

Mwelu alisoma mara ya pili akiitafuta. Dawa ya ng'ombe ilikuwa imetoweka. Mala iliyogoma ilikuwa imetoweka. Aliyekuwa ameonewa aliingia ofisini kutafuta ushahidi, akatoka akiwa yeye ndiye kosa.

* * *

Habari zilifika jikoni kabla yake. Wafanyakazi arobaini walikuwa mezani na vikombe vya chai, wakipiga domo kama kawaida. Mwelu alipoingia, walinyamaza wote kwa pamoja, kama redio iliyochomolewa kwenye ukuta.

"Sasa, Mwelu," alisema Kimeu wa boila. Kisha akainama, akaongea na mfuko wa aproni ya Mwelu. "Hii ni Kimeu. Sijasema kitu. Nimesalimia tu."

Watu walicheka. Mwelu naye akajaribu kucheka. Miaka minne alikuwa akiwapimia watu hawa maziwa ya watoto wao bure, jioni, kila mmoja na kichupa chake. Leo hakuna aliyesogea ili apate pa kukaa.

Aliyesogea alikuwa mmoja: Mbula, wa idara ya kupakia. Mbula alimshika mkono, akamkalisha karibu naye, akamsukumia nusu ya chapati.

"Wachana nao. Kula," alisema Mbula. "Ulifuta kweli?"

"Alinisimamia mpaka nikafuta."

"Ukatoa na kwa pipa?"

"Pipa gani?"

Mbula alimtazama kwa huruma. "Asi, Mwelu! Wewe unajua kupima maziwa tu? Simu iko na pipa ya taka. Kitu ukifuta inaenda huko kwanza, inakaa mwezi mzima."

Jioni ya siku hiyo, saa kumi na moja, walikuwa wameketi kwenye ngazi za ploti anayokaa Mwelu kule Majengo, vichwa vimegusana juu ya kioo cha simu. Mbula alibonyeza hapa, akabonyeza pale. Na kumbe ni kweli. Sauti ya Bwana Kitonga ilitoka kwenye pipa la taka nzima nzima, bila doa: "Mimi ndio nilikuambia upokee."

Mwelu aliruka akamkumbatia rafiki yake. Machozi yalimtoka.

"Sasa tunarusha," alisema Mbula.

"Tunarusha wapi?"

"Kwa grupu ya wafanyakazi. Na kwa ile ya wakulima wa kuleta maziwa. Kesho saa mbili Machakos mzima iko nayo. Huyo mtu atakuja kukuomba msamaha amepiga magoti."

Ilikuwa picha tamu. Mwelu aliiona: Bwana Kitonga amepiga magoti kwenye simiti yenye maji ya maziwa. Alichagua grupu. Kidole kilikuwa kimefika kwenye mshale wa kutuma.

Mkono mwingine ulitokea juu, ukainyakua simu.

Alikuwa Firdaus, mpangaji wa chumba cha pili. Firdaus ni wakili, tena wakili wa kesi za kazi, lakini miezi hiyo alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, na wapangaji wenzake walikuwa wamesahau kwamba yule mama wa kuanika nepi asubuhi na jioni aliwahi kuwatoa jasho mameneja. Mtoto alikuwa mgongoni. Nepi mbili zilikuwa begani.

"Samahani, dada yangu. Nimesikia kila kitu, kamba yangu ya nguo iko hapo juu yenu," alisema. "Ukibonyeza hapo, Alhamisi sitaweza kukusaidia. Hakuna mtu ataweza."

"Lakini ni ukweli!" Mwelu alilia. "Si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Na ndiyo maana nimekunyang'anya." Firdaus aliketi kwenye ngazi, akamgeuza mtoto amnyonyeshe. "Nijibu. Mlipokuwa mnaongea mlikuwa wangapi?"

"Wawili. Mimi na yeye."

"Na wewe ulikuwa unaongea, au ulificha simu ukaenda zako?"

"Nilikuwa naongea."

"Basi hapo una pa kusimamia. Kurekodi mazungumzo yako mwenyewe, ukijikinga na uonevu, si sawa na kutega simu kwa dari usikilize ya wenyewe. Lakini usifikiri sheria imekupa cheti. Ulifanya kwa siri, na jaji anaweza kuikubali hiyo sauti, anaweza kuitupa. Anaangalia uliipataje, na uliifanyia nini. Sasa ukiitandaza kwa magrupu, umeifanyia nini?"

Mwelu aliitazama simu mkononi mwa Firdaus.

"Umeanika sauti ya mtu bila idhini yake. Kuna sheria ya kulinda data ya watu, na hata ya Kitonga inalindwa, ingawa inauma. Asubuhi atakuwa kituo cha polisi kukushtaki, na kiwanda kitasema, mnaona, tulijua ni mtu wa aina hiyo. Hakuna mtu atauliza maziwa tena."

"Sasa anyamaze tu?" Mbula alidakia kwa hasira. "Aonewe hivyo hivyo?"

"Nani amesema anyamaze?" Firdaus alimtazama kidogo, kisha akamrudia Mwelu. "Hiyo sauti usiifute, usiikatekate, usimtumie mtu yeyote. Tafuta daftari. Andika tarehe, saa, na maneno aliyosema, kama unavyoyakumbuka, si kama unavyotamani. Alhamisi una haki ya kuelezwa kosa lako kwa lugha unayoelewa, na kuingia na mfanyakazi mwenzako. Hiyo iko kwa Sheria ya Ajira, si huruma yao. Na ukifika ndani, toa simu uiweke mezani mbele ya kila mtu. Sema: naomba ruhusa nirekodi kikao hiki. Wakikubali, vizuri. Wakikataa, waandike kwamba umeomba na wamekataa. Kitu kimoja wakubwa wanaogopa kuliko kurekodiwa ni kuandikwa wakikataa."

"Nitaingia na wewe?" Mwelu alimuuliza Mbula.

Mbula alimshika mkono tena. "Kwani una nani mwingine?"

* * *

Alhamisi, saa nne kasorobo. Chumba cha mikutano cha Muuo kina meza ndefu, kalenda tatu za mwaka jana, na televisheni kubwa ukutani.

Mwenye kiwanda, Mzee Nzioka, aliketi kwenye kiti cha kati. Masikio yake yamepungua nguvu na hapendi kuambiwa hivyo. Kulia kwake alikuwa Bwana Kitonga, amevaa tai. Kushoto alikuwa Madam Emily Mutinda, afisa wa wafanyakazi, mwenye daftari gumu la kurasa mia mbili. Madam Emily alikuwa kinyume kamili cha meneja: yeye aliandika kila kitu. Watu husema siku moja alipiga chafya kikaoni akaiingiza kwenye kumbukumbu.

Mwelu na Mbula waliketi upande wa pili. Mwelu alitoa simu, akaiweka katikati ya meza.

"Kabla hatujaanza," alisema, na akashangaa kusikia sauti yake haitetemeki, "naomba ruhusa nirekodi kikao hiki."

Bwana Kitonga alipiga meza. "Mnaona? Mnaona? Amekuja kwa kesi ya kurekodi na bado anarekodi!"

"Ameuliza," alisema Madam Emily, akiandika. "Kurekodi bado. Ombi limekataliwa, Bwana Kitonga?"

"Limekataliwa! Hapa Muuo hatufanyi mambo ya kurekodi watu. Hii ni kampuni ya heshima."

"Kwa kumbukumbu," Madam Emily alirudia polepole, kalamu ikikwaruza, "Muuo... hatufanyi... mambo ya kurekodi watu."

Mwelu alizima simu, kila mtu akiona. Akafungua daftari lake.

Kosa lilisomwa. Akaulizwa kama anakubali.

"Nilirekodi," alisema. "Nakubali. Nilifanya hivyo kwa sababu Bwana Kitonga aliniamuru nipokee maziwa mabaya, halafu akasema nililala. Hakuandika. Sikuwa na njia nyingine. Ile sauti bado ninayo, sijaituma kwa mtu. Kikao kikitaka kuisikiliza, iko."

"Uongo!" Bwana Kitonga alisimama. "Hana kitu! Hiyo ilifutwa!"

Kalamu ya Madam Emily ilipanda hewani. "Ulijuaje ilifutwa?"

"Si nilimwambia afute nikiwa hapo!"

"Kwa kumbukumbu: meneja aliamuru sauti ifutwe."

"Hapana, usiandike hivyo!"

"Nimeshaandika."

"Anasema nini?" aliuliza Mzee Nzioka, mkono sikioni.

"Anasema alimwambia afute, Mzee!"

"Afute kazi?"

"Afute sauti!"

Bwana Kitonga alipangusa jasho. Lakini msimhurumie bado. Mtu yule alikuwa na karata nyingine, na alikuwa ameificha mpaka wakati huo. Alitoa kijisanduku kidogo cha kuhifadhia data, akakichomeka nyuma ya televisheni.

"Mzee, tuache maneno. Mwezi wa tatu niliweka kamera ndogo pale kwa mapokezi ya maziwa. Leo mtamwona huyu mama akilala kazini kwa macho yenu. Kichwa juu ya meza!"

Mwelu aligeukia televisheni. Kamera? Pale ambapo alibadilisha aproni kila asubuhi? Pale aliposimama akizungumza na mama yake kuhusu presha yake, na vilevile na daktari kuhusu mambo ambayo hata Mbula hakuyajua?

"Kamera gani?" alisema. "Hakuna mtu alituambia kuna kamera."

"Ni ndogo. Iko ndani ya saa ya ukutani," alijibu Bwana Kitonga kwa fahari, kisha akaonekana kusikia alichokisema.

Madam Emily aligeuza kurasa nyuma, akasoma kwa sauti isiyo na hisia yoyote. "Saa nne na dakika tano. Muuo hatufanyi mambo ya kurekodi watu." Akainua macho. "Nifute hiyo?"

Bwana Kitonga alibonyeza rimoti.

Picha ilitokea. Mapokezi ya maziwa, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Bwana Kitonga alianza kuikimbiza mbele kwa rimoti ili afike pale pa kichwa juu ya meza.

"Ngoja," alisema Mzee Nzioka. "Nataka kuona lori likifika. Anza mwanzo."

"Hapo hakuna kitu, Mzee. Ni kuongea tu."

"Anza mwanzo. Lete hiyo rimoti."

Bwana Kitonga aliitoa bila wasiwasi. Alikuwa ameitazama picha hii mara nyingi kwenye kompyuta yake ya ofisini. Katika picha, yeye anaonekana akiongea na Mwelu akimnyooshea kidole, na alikuwa amejiandaa kusema kwamba alikuwa anamwonya awe makini. Kitu kimoja tu hakukijua. Kompyuta yake ile haina spika, kwa hivyo siku zote aliamini kwamba kamera yake ni bubu.

Na televisheni ya Mzee Nzioka, kwa sababu ya yale masikio, huwa imefunguliwa sauti mpaka mwisho.

"NIMEPIMA MARA MBILI, BOSI!" Sauti ya Mwelu ilipasua chumba. Mbula aliruka kwenye kiti. "IKO NA DAWA! HII MAZIWA HAIWEZI INGIA!"

"POKEA!" ilinguruma sauti ya Bwana Kitonga ukutani.

"MALA ITAHARIBIKA!"

"NIMESEMA POKEA! HIYO NI AMRI! NA USIANDIKE KWA KITABU!"

Bwana Kitonga aliyekuwa mezani alimtazama Bwana Kitonga aliyekuwa ukutani, kama mtu aliyekutana na pacha ambaye hakuambiwa anaye.

"Hiyo nimesikia," alisema Mzee Nzioka.

Mwelu alikuwa amewaza siku hii kwa namna nyingi, lakini hakuwahi kuwaza kwamba ushahidi wake ungeletwa na adui yake, kwa mkono wake, amevaa tai. Alitaka kucheka. Badala yake alijikuta analia, na Mbula akamshika mkono chini ya meza.

"Mzee, hiyo haiwezi kutumika!" Bwana Kitonga alibwata. "Imerekodiwa bila mtu kujua!"

"Na nani?" aliuliza Madam Emily.

"Na... Mzee, zima hiyo kitu! Nipe rimoti!"

"Keti, Onesmus."

"Mzee, tafadhali, zima!"

Mwelu alifuta macho. Sauti ya meneja ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena ya mtu anayeona aibu kwa yaliyopita. Ilikuwa ya mtu anayeogopa yanayokuja.

Ukutani, Mwelu wa siku ile alifungua mfereji wa tangi, akaketi, akalaza kichwa juu ya meza kwa muda, mabega yakitikisika. Ndiko kulala kazini kwenyewe. Kisha akainuka akatoka nje. Mapokezi yakabaki matupu.

Bwana Kitonga akarudi kwenye picha. Nyuma yake alikuwa mwanamke mwenye ovaroli ya bluu, ameipa kamera mgongo.

"AMEENDA WAPI?"

"AMEENDA KUNAWA USO. ANALIA."

"ILE KIKARATASI YA KUPIMA IKO WAPI?"

"NIMESHACHUKUA. IKO HAPA."

"CHOMA. NA ASIJUE."

Kikaratasi kile Mwelu alikuwa amekitafuta siku mbili. Alikuwa amepekua mapipa, amepekua mifereji, amepiga magoti chini ya matangi na tochi. Hakukitafuta peke yake. Alikuwa na msaidizi, aliyepiga magoti pembeni yake akimwambia usijali, tutakipata.

"NA ILE MANENO YETU, BOSI?" ilisema sauti ya mwanamke, waziwazi, sauti ambayo Mwelu angeitambua hata usingizini. "ULISEMA HUYU AKITOKA, KUPIMA NI MIMI."

"NGOJA WIKI MBILI."

Mzee Nzioka alibonyeza rimoti. Picha ikasimama.

"Huyo mwanamke ni nani?" aliuliza.

Bwana Kitonga alikuwa anatazama meza. Madam Emily alikuwa anamtazama Mbula. Na chini ya meza, mkono wa Mbula ulikuwa bado umeshika wa Mwelu. Haukuwa umeachia. Ulikuwa umezidi kukaza.

"Mbula?" alisema Mwelu.

Ndipo Mbula akauachia. Alisimama, akajinyoosha ovaroli. Uso wake haukuwa na aibu. Ulikuwa na hasira, kama wa mtu aliyegundua kwamba amebebeshwa mzigo wote peke yake.

"Sawa," alisema. "Ni mimi. Nina watoto watatu na nimepakia pakiti miaka sita, nilitaka kupanda. Hata ile sauti nilitaka uirushe ili ufutwe haraka. Lakini mimi sitazama na Kitonga peke yetu hapa kama mbuzi wawili." Alimgeukia Mwelu. "Wewe siku hizi zote unauliza nani alisema pokea. Hata siku moja haujauliza ile maziwa ilikuwa ya nani."

"Kaa chini!" alifoka Bwana Kitonga.

"Ya nani?" aliuliza Mwelu.

Mbula alinyoosha kidole. Hakumnyooshea meneja. Kilipita kwa meneja, kikapita kwa Mzee Nzioka, kikatua kwenye daftari la kurasa mia mbili.

"Muulizeni Madam," alisema. "Muulizeni bwanake analisha ng'ombe wapi, na lile lori linalala kwa boma ya nani."

Madam Emily alifunga daftari. Aliweka kalamu mkobani, akafunga zipu, akainuka.

"Kikao kimeahirishwa," alisema, na akaelekea mlangoni.

Lakini aliyefika mlangoni kwanza alikuwa Mwelu Musili, ambaye kwa miaka minne kiwandani Muuo hakuwa amemwamrisha hata paka. Aliegemea mlango kwa mgongo wa aproni yake nyeupe.

"Madam," alisema, "rudi ukae."

Na Madam Emily, akitazama huku na huku kama anayetafuta mahali pa kuandika hilo, akarudi akaketi.